Gari, Yadi na Amana: Vipi Mnunuzi wa Kasulu na Kibondo Atamjua Muuzaji Mkweli?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla hata hajapewa Utume, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika miezi ya karibuni tumepokea maswali kadhaa kutoka kwa ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, yote yakizunguka jambo moja. Wapo vijana ambao Allah amewafungulia riziki katika maharage, mahindi na maduka ya jumla, na wapo walioko Oman na Dubai wanaotuma fedha nyumbani. Wanataka kununua gari nzuri. Wengine wanataka Mark X, Crown au Subaru, gari zenye mbio ambazo vijana wa leo wanazipenda, na mwenye uwezo zaidi anataka Prado au Land Cruiser. Swali lao ni hili: ni yadi gani ya magari ambayo Muislamu anaweza kuiamini?

Kumiliki gari nzuri si haramu kwa aliyeichuma kwa halali, akatoa zaka yake, asiwe na deni alilolikalia, na asiifanye chombo cha kuwadharau watu. Hilo halihitaji maelezo marefu. Linalohitaji maelezo ni uaminifu wa muuzaji. Na tunatanguliza kusema kwamba hatutataja jina la yadi hata moja katika makala hii. Sababu ni kwamba tulishawahi kutaja, na tunajuta mpaka leo.

Kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita ndugu watatu wa familia moja ya Kasulu walitupigia simu. Walikuwa wameuza mazao ya msimu mzima, wakachanga na akiba ya mama yao, ikafika zaidi ya Sh 16,000,000. Walitaka gari ya biashara ambayo pia ingewabeba kwa heshima. Walituuliza tunamjua nani Dar es Salaam. Tukawatajia mtu ambaye kila tulipofika mjini tulimuona safu ya mbele msikitini, mwenye kutoa sadaka na mwenye kauli nzuri. Hatukuwahi kununua kwake hata tairi.

Waliuziwa Mark X ya rangi ya fedha, kilomita zinasoma 68,000. Walisafiri nayo zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kasulu, wakachinja kuku, wakatupigia kutushukuru. Wiki ya tatu, wakiwa njiani kuelekea Kibondo, gia boksi ilikufa. Fundi alipofungua boneti alikuta kibandiko kidogo cha kubadilisha oili kilichoandikwa kwa Kijapani, na tarakimu zake zinasoma 141,000. Gari ilikuwa imetembea zaidi ya mara mbili ya walichoambiwa, tena kabla haijapanda meli.

Tulikwenda wenyewe kwa yule muuzaji. Akatuonyesha karatasi iliyoandikwa kwamba gari inauzwa kama ilivyo. Baada ya majadiliano marefu alirudisha sehemu ndogo ya fedha, basi. Tulipofika Kasulu kuwataka radhi wale ndugu, mkubwa wao alituambia kwa upole maneno ambayo hatujayasahau: "Sheikh, sisi hatukununua gari. Tulinunua neno lako."

Hapo ndipo tulipokumbuka kisa tulichokuwa tukiwasomesha wanafunzi wetu kwa miaka. Imepokewa kwamba mtu alitoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), naye akataka aletwe anayemjua. Mmoja akasimama kumsifu. Sayyidna Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake? Je, amewahi kusafiri naye? Je, amewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Kila moja akajibu hapana. Sayyidna Umar akamwambia kwamba basi hamjui, na huenda alimuona msikitini tu akiinamisha kichwa na kukiinua.

Sala ni nguzo ya dini, na asiyesali hatumsifu. Lakini sala ya mtu si cheti cha gia boksi yake. Uaminifu wa biashara hujulikana kwa biashara. Basi ukitaka ushahidi juu ya muuzaji, usimuulize imamu wake. Tafuta watu watatu walionunua kwake mwaka mmoja au miwili iliyopita, na zaidi umtafute yule ambaye gari yake ilipata tatizo, umuulize alifanyiwa nini aliporudi.

Kukoga kilomita za uongo ni tasriya ya zama zetu

Wapo wanaodhani kurudisha kilomita nyuma ni ujanja mpya ambao vitabu vyetu havikuujua. Sivyo. Waarabu walikuwa na hila ya kumfunga ngamia au mbuzi chuchu siku kadhaa asikamuliwe, ili akifika sokoni kiwele kionekane kimejaa na mnunuzi adhani huyo ni mnyama wa maziwa mengi. Hila hii inaitwa tasriya. Mtume (s.a.w.) aliikataza, na akampa mnunuzi hiari: akiridhika ambakishe, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipanua hukumu hii. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi wametajwa pia wanaozuia maji ya kinu cha kusagia kisha kuyaachia wakati wa kuuza, ili mnunuzi adhani maji ni mengi siku zote. Maana ni moja: muuzaji hakusema uongo kwa ulimi, bali alikifanya kitu chenyewe kiseme uongo. Na dashibodi iliyorudishwa nyuma ni kiwele kilichofungwa. Kwa hiyo tunaona kwamba aliyeuziwa gari ya namna hii ana haki ya kuirudisha, hata kama muuzaji hakutamka idadi ya kilomita kwa mdomo wake.

"Inauzwa kama ilivyo"

Maneno haya yameandikwa katika hati nyingi za mauziano, na wauzaji wengi huyafanya ngao. Je, yanamtoa muuzaji katika dhima?

Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba sharti la kujivua na kila aibu halimnufaishi muuzaji isipokuwa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hula, huugua na hubadilika, na maradhi yake hujificha. Gari si mnyama. Na aibu aliyoijua akainyamazia, hapo hakuna shaka. Yapo madhehebu yanayolipa sharti hili nafasi kubwa zaidi, lakini kumficha mnunuzi aibu unayoijua ni ghushi kwa wote. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Hiki ndicho kipimo tunachotaka msomaji ashike kuliko vyote: muuzaji mkweli ni yule anayeweka unyevu juu. Ukifika katika yadi, kabla hujauliza bei, uliza hivi: "Gari hii ina kasoro gani?" Gari iliyotumika miaka kumi na zaidi haikosi kasoro. Anayekujibu kwamba haina hata moja amekwisha kujieleza.

Mgeni na dalali

Watu wa nyanda za juu za Kigoma wana udhaifu mmoja wanaponunua gari, nao ni safari. Mtu anatoka Kibondo, analala njiani, anashuka stendi Dar es Salaam na fedha zake, analipa nyumba ya wageni kila siku, na dukani kwake hakuna aliyebaki. Ana haraka. Dalali anaijua haraka hiyo, na humpokea pale pale stendi.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara nje ya soko kabla hawajajua bei, na akampa mwenye bidhaa hiari akifika sokoni akakuta amepunjwa. Makatazo hayo yalimhusu anayeleta bidhaa kuuza, lakini hekima yake inamfaa pia anayeleta fedha kununua: usikate bei na mtu hujaliona soko. Siku ya kwanza zunguka yadi nne au tano, ulize bei ya gari ya aina moja na mwaka mmoja, usilipe kitu. Katika tovuti ya TRA upo mfumo wa kukadiria kodi za magari yaliyotumika. Ukiingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini utaona thamani wanayoikadiria na kodi zake. Ukijua kodi, na ukajua kwamba ushuru wa forodha peke yake ni 25% na VAT ni 18%, utafahamu haraka kwamba gari inayouzwa kwa bei iliyo chini ya kodi zake ina jambo.

Na mara nyingi jambo lenyewe ni moja kati ya haya mawili. La kwanza ni gari ya IT, yaani gari inayopita nchini kwenda Burundi au Kongo. Haikulipiwa kodi ya Tanzania. Kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo walio karibu na mpaka wa Burundi, kishawishi hiki kipo mlangoni. La pili ni gari yenye namba ya Zanzibar, inayoanza na herufi Z. Sisi tuliotoka Visiwani tunawaambia kwa uwazi: namba hiyo haigeuki ya Bara kwa kubadilisha kibao. Upo utaratibu wa forodha na TRA, na usipoufuata gari inaweza kukamatwa. Anayekuuzia bila kukwambia amekuficha aibu kubwa kuliko ya injini.

Mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha

Haya tumeyakusanya kutoka kwa mafundi na kutokana na hasara ya wenzetu.

1. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi, na uombe isiwashwe kabla yako. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Injini iliyokwishapashwa moto huficha mengi.

2. Linganisha kilomita na uchakavu. Pedali zilizolika, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita 60,000. Tazama vibandiko vya oili ndani ya boneti na kwenye fremu ya mlango.

3. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Gari nyingi zinazotoka huko hupita mnadani, na hupewa daraja la ubora pamoja na kilomita zake. Herufi R au RA mahali pa daraja humaanisha kwamba gari iligongwa au kuumia ikatengenezwa.

4. Linganisha namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi na iliyo katika kadi. Kisha linganisha jina la kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Ikiwa si mwenyewe, dai barua ya uwakala na uzungumze na mwenye gari.

5. Angalia kwa namba ya gari kama ina faini za trafiki ambazo hazijalipwa.

6. Muhimu kuliko yote, mlete fundi wako, si fundi wa yadi. Alipwe na wewe, aijaribu gari barabarani, aipime kwa mashine. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gia boksi. Muuzaji anayekataa gari isiguswe na fundi wa nje, mwage kwa salamu, uondoke.

7. Dai risiti ya EFD yenye bei halisi. Anayekuomba muandike bei ndogo ili kupunguza ushuru anakufundisha uongo leo, na kesho ukidai haki yako mahakamani utakuwa na karatasi inayosema ulilipa nusu.

Arubuni, gari iliyo melini, na malipo ya awamu

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi andikeni. Katika hati ya mauziano ziandikwe kilomita, namba ya chasisi, kasoro zilizotajwa, na hiari ya siku tatu kwa ajili ya ukaguzi. Siku tatu ndizo mwisho wa hiari ya sharti katika madhehebu yetu, na zinatosha kwa fundi.

Kuhusu arubuni, yaani fedha ya kushikia gari ambayo mnunuzi huipoteza akighairi, wanavyuoni walio wengi waliikataza, na Mahanbali wakaijuzisha. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah iliijuzisha mwaka 1993 kwa sharti la kuwekewa muda maalumu. Basi usitoe arubuni isiyo na tarehe ya mwisho, wala usitoe kabla ya fundi kukagua.

Ama gari ambayo muuzaji anasema ipo melini, huku hajainunua bado, Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho. Njia safi ni uwakala: wewe ni mnunuzi, yeye ni wakala wako wa kuagiza, ujira wake unajulikana, na hati zote zinakuja kwa jina lako.

Kununua kwa awamu kwa bei iliyo juu kuliko ya fedha taslimu kunajuzu, iwapo bei moja imekatwa wakati wa mkataba. Majmaa hiyo hiyo ilibainisha hivyo mwaka 1990, na ikakataza kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa, kwani hiyo ni riba. Soma ukurasa wa adhabu za kuchelewa kabla ya kusoma ukurasa wa bei.

Ukigundua umeuziwa aibu

Kwanza, simamisha gari. Katika madhehebu yetu haki ya kurudisha ni ya papo kwa papo. Anayeijua aibu kisha akaendelea kupakia abiria mwezi mzima ameonyesha ameridhika. Pili, mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo kwa maandishi, na upate maelezo ya fundi. Tatu, ikiwa gari imepata kasoro mpya mikononi mwako, huwezi kumlazimisha aipokee, ila una haki ya fidia ya ile aibu ya kwanza, au mpatane vingine.

Mkishindwa kupatana, tafuteni suluhu ya wazee wanaoheshimiwa na pande zote mbili. Ikishindikana, si dhambi kwenda mahakamani kudai haki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Kusamehe ni bora kwa anayeweza, lakini asitishwe mtu kwa jina la udugu ili anyamaze.

Neno kwa mnunuzi mwenyewe

Tulipokuwa Kasulu siku ile ya kutaka radhi, baada ya Alasiri tulikaa barazani na wafanyabiashara kadhaa. Kila mmoja alikuwa na kisa cha yadi iliyomdhulumu. Tulisikiliza, tukasikitika. Mbele yetu vijana wao walikuwa wakipakia maharage yaliyonunuliwa vijijini, na magunia yote yalikuwa ya lumbesa, yameshonewa vilemba juu. Mkulima analipwa gunia moja, anatoa gunia na zaidi.

Tuliwauliza kwa heshima: kuna tofauti gani kati ya aliyepunguza kilomita na aliyeongeza gunia? Hakuna aliyejibu haraka. Suratul Mutaffifin iliwaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sura hiyo haikuchagua yadi ikaacha ghala.

Yule ndugu mkubwa, ambaye familia yake ilipoteza zaidi kuliko wote pale barazani, aliinuka bila kusema kitu, akaagiza mzani uletwe. Hatusemi kwamba Kasulu nzima ilibadilika siku ile. Tunasema tuliona mtu aliyedhulumiwa akikataa kudhulumu, na tukajua kwamba ikiwa tutaulizwa tena tunamjua nani mwaminifu, tunaye mmoja tuliyemuona kwa dinari na dirhamu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awabariki wanunuzi na wauzaji walio wakweli, awarudishe waliokosea, nasi atusamehe kwa neno tulilolitoa bila ya elimu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.